Tenda za Serikali Tanzania: Maswali Ninayoulizwa Kila Wiki

Nimefanya kazi ya ugavi kwenye halmashauri kwa miaka mingi, mwanzoni stoo, baadaye mezani. Siku hizi nimestaafu, nasaidia vikundi vya vijana na wafanyabiashara wadogo wanaotaka kuuzia serikali. Maswali yanayokuja ni yale yale, na mengi yanahusu mageuzi: sheria mpya, mfumo mpya, je, kuna kilichobadilika? Nimeyakusanya hapa. Majibu ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya 2016 na mfumo wake, msichanganye.

Sifanyi biashara na serikali. Hili linanihusu nini?

Dawati analokalia mwanao lilinunuliwa. Dawa uliyoambiwa zahanati haipo, haikununuliwa, au ilinunuliwa ikachelewa. Watu wa sekta hii hurudia kusema kwamba kiasi cha asilimia 70 ya bajeti ya serikali huishia kwenye ununuzi. Ukitoa mishahara na madeni, karibu kila shilingi ya kodi yako inapita mikononi mwa mtu anayeuza kitu na mtu anayesaini kukipokea.

"Ununuzi" au "manunuzi"?

Sheria inasema ununuzi. Mtaani na hata ofisini tunasema manunuzi. Andika ununuzi kwenye barua, sema unavyotaka.

Hii sheria imebadilishwa mara ngapi?

Tangu 2001 tumepata sheria kamili nne, ukiacha marekebisho ya katikati.

Kabla ya hapo kulikuwa na Bodi Kuu ya Zabuni, yenye asili ya enzi za mkoloni, ikiamua zabuni kubwa za nchi nzima kutoka sehemu moja. Mwaka 1996 Tume ya Jaji Warioba iliichambua rushwa nchini, na mikataba na zabuni za serikali zilikuwa miongoni mwa maeneo iliyoyanyooshea kidole. Ikaja Sheria Na. 3 ya 2001, ikagatua maamuzi kwenda kwenye wizara, mashirika na halmashauri. Sheria Na. 21 ya 2004 ikaanzisha Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, PPRA, ambayo hainunui wala haiidhinishi tenda ya mtu. Kazi yake ni kusimamia na kukagua. Ikaja pia PPAA, inayosikiliza rufani za zabuni.

Sheria Na. 7 ya 2011 ilipitishwa, ikangoja kanuni, ikaanza kutumika mwishoni mwa 2013. Mwaka 2016 Rais Magufuli akalalamika hadharani kwamba serikali inauziwa vitu kwa bei ya juu kuliko mtu wa kawaida dukani, na Bunge likaifanyia marekebisho. Ya sasa ni Sheria Na. 10 ya 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024.

Mimi nimefanya kazi chini ya sheria tatu kati ya hizo. Kila iliyokuja tuliitiwa semina, tukapewa begi na kijitabu. Na kila mara semina ilikaa sana pale katikati: tangazo, kufungua zabuni, tathmini, kutoa tuzo (yaani kumpa mshindi tenda). Ndiko mageuzi yalikoelekezwa nguvu zote. Mwanzo wa safari, yaani nani ameamua tununue nini, na mwisho wake, yaani nani amehesabu kilicholetwa, vilipewa nusu saa kabla ya chai ya jioni. Majibu yangu mengi hapa chini yanarudi kwenye hiyo nusu saa.

Kama tulikuwa na sheria ya 2004, kashfa ya Richmond ilitokeaje?

Ilipitia mlango wa dharura. Mwaka 2006 mabwawa yalikauka, umeme ukawa wa mgao, na nchi ikatafuta mitambo ya kukodi kwa haraka. Kampuni ya Richmond ikapata mkataba wa kuzalisha megawati 100. Kamati Teule ya Bunge chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ilisema kampuni ile haikuwa na uwezo wa kazi iliyopewa. Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, akilalamika kwamba kamati haikumsikiliza, na mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha nao wakaondoka.

Wengi wanakumbuka majina. Mtu wa ugavi anakumbuka neno dharura. Dharura halali ipo: daraja likisombwa usiku huwezi kutangaza zabuni ya wiki tatu. Lakini nimeona maombi ya dharura ya kukarabati barabara yakiandikwa mwezi Aprili kwa sababu "mvua zimenyesha". Masika yapo kwenye kalenda! Dharura ya namna hiyo imetengenezwa na mtu aliyekaa na faili tangu Oktoba, ama kwa uzembe, ama kwa makusudi.

NeST ni nini, na imebadilisha nini hasa?

Ni mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, ulioanza Julai 2023 ukachukua nafasi ya ule wa awali, TANePS. Umejengwa na wataalamu wa hapa hapa, na taasisi zote nunuzi, yaani ofisi za umma zinazonunua, zinalazimika kuutumia. Umeunganishwa na mifumo ya TRA (kodi), BRELA (usajili wa kampuni) na NIDA (vitambulisho), kwa hiyo namba ya mlipakodi (TIN) ya kuazima na kampuni hewa havipiti kirahisi kama zamani.

Nitawaambia kilichokufa, maana nilikiona kikiwa hai. Zamani kulikuwa na sanduku la zabuni lenye kufuli mbili, limekaa koridoni. Mzabuni anatoka Mbeya na basi la usiku, amekumbatia bahasha kubwa yenye lakiri, anafika getini saa nne na dakika tano, zabuni imefungwa saa nne kamili. Au anafika mapema, lakini mlinzi "hajui" sanduku liko wapi. Au bahasha inafunguliwa na ukurasa wenye dhamana ya benki haupo, na yeye anaapa aliuweka kwa mikono yake. Hayo yote NeST imeyazika. Muda ukifika mfumo unafunga wenyewe na kufungua wenyewe, na aliyefungua faili anaonekana. Mtu asikudanganye kwamba haya ni madogo.

Kilichobaki kigumu ni mtandao. Mkuu wa shule ya kijijini anayehitaji mifuko ya saruji naye anatakiwa kuingia kwenye mfumo, na wapo wanaopanda bodaboda hadi kwenye mlima wenye minara ili ombi liende.

Kwa hiyo wizi umekwisha?

Umehama. Mfumo unaona kilichoandikwa ndani yake. Mahitaji yakiandikwa kwa hila, utayapitisha kwa uaminifu mkubwa.

Mfano wa mwanzo wa safari. Idara tumizi moja, yaani idara itakayotumia kitu chenyewe, iliniletea mahitaji ya kompyuta mpakato kumi. Kwenye spesifikesheni wameandika uzito: kilo 1.38. Nikauliza, mhasibu anahitaji kompyuta ya kilo 1.38 kwa kazi gani? Ingekuwa 1.40 mizania isingefunga? Walikuwa wamenakili katalogi ya muundo mmoja, na muuzaji wake mjini alikuwa mmoja. Ukitangaza vile, washindani ishirini wataomba, kumi na tisa wataangushwa kihalali, na mkaguzi atakuta kila muhuri mahali pake. Tulirudisha, wakaandika "isizidi kilo 2", wauzaji wakawa sita.

Mfano wa mwisho wa safari. Shule iliagiza mabati 240 ya geji 28. Lori lilifika jua linazama. Kamati ya mapokezi ilikuwa walimu wawili na mjumbe wa serikali ya kijiji, wamekaa tangu saa tano wakisubiri, wana njaa, na dereva anasema anarudi usiku huo huo. Wakasaini juu ya boneti kabla bati la kwanza halijashuka. Kesho yake fundi akashika kona ya bati kwa vidole viwili, akaikunja kama bahasha, akaniangalia tu. Nilikuwa na maikromita yangu, niliinunua Kariakoo kwa hela yangu. Geji 28 inakaribia unene wa milimita 0.4, lile lilisoma 0.3 na kidogo. Tuliletewa geji 30 kwa bei ya geji 28, na saini tatu zilikuwa zinasema mzigo umekidhi vigezo. Zabuni yenyewe? Safi kabisa. Ilitangazwa, ilishindaniwa, aliyeshinda alikuwa wa bei ya chini. Bila shaka alikuwa wa bei ya chini. Alishajua ataleta nini.

Lakini tunatakiwa kuwa na kotesheni tatu, yaani bei za wauzaji watatu. Si kinga hiyo?

Ni kinga kama zimetoka kwa watu watatu. Niliwahi kuletewa kotesheni tatu za wino wa printa kutoka maduka matatu, vichwa vya barua tofauti, mihuri tofauti, moja ya bluu, moja nyeusi, moja ya zambarau. Zote zimeandika "katrigi". Neno lilelile, kosa lilelile, kwenye mstari uleule. Zilichapwa na mtu mmoja kwenye kompyuta moja, na nadhani nilimjua.

Kwenye NeST hili limekuwa gumu, kwa sababu mwombaji anaingia kwa usajili wake na bei anaijaza mwenyewe. Ila ndugu watatu wenye leseni tatu bado wanaweza kukaa sebule moja wakapanga. Dawa yake ni mtu wa ugavi kujua bei ya sokoni kabla hajafungua bei za wazabuni. Apite madukani, apige simu mbili. Ni kazi ya asubuhi moja, na wengi hawaifanyi.

Kwa nini bei za serikali ziko juu kuliko dukani?

Sababu ya kwanza mnaijua, ile asilimia kumi inayotajwa kwa kunong'ona. Lakini hata pasipo na chai ya mtu yeyote bei hupanda, na sababu hii haizungumzwi vya kutosha: serikali ni mlipaji anayechelewa, na mfanyabiashara anaweka bei ya kusubiri.

Piga hesabu. Tuseme rimu ya karatasi dukani ni Sh 11,000. Muuzaji amekopa mtaji kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, na anajua halmashauri hii hulipa baada ya miezi 8. Riba pekee inafika Sh 2,640. Ongeza kodi ya zuio ya asilimia 2 inayokatwa kwenye malipo, ambayo wengi huichukulia kama hela iliyopotea ingawa ni sehemu ya kodi yao, ongeza usafiri wa kufuatilia hundi, na ile hofu ya kutolipwa kabisa. Akikuuzia Sh 15,000 amekuibia? Hapana, amekukopesha.

Ndiyo maana marekebisho ya 2016 ya kutaka bei ya soko yalinipa mashaka. Bei ya soko ni ya mtu anayelipa papo hapo. Halmashauri ikilipa ndani ya mwezi mmoja, bei zitashuka bila waraka. Na wauzaji wazuri, wale wenye maduka yao na jina la kulinda, watarudi. Kwa sasa wengi wao wametuachia mawakala wa mkobani, wasio na duka.

Mbona serikali hununua sana Mei na Juni?

Mwaka wa fedha unaisha tarehe 30 Juni, fedha ambayo haijatumika hurudi Hazina, na mara nyingi fungu lenyewe limeingia Aprili. Mpango wa ununuzi wa mwaka uliandikwa vizuri Julai, ukakaa. Mwezi Juni tenda kumi zinafanyika kwa wiki mbili, na kamati ya mapokezi inapokea malori matatu kwa siku. Rudi ukasome habari ya mabati.

Force akaunti ni nzuri au mbaya?

Kwa wasiojua: ni utaratibu wa taasisi kujenga yenyewe kwa kutumia mafundi wa eneo lake na kununua vifaa yenyewe, bila kumpa mkandarasi kazi yote. Madarasa mengi mnayoyaona yamejengwa hivyo. Fedha za UVIKO-19 za 2021, ule mkopo wa IMF wa Sh trilioni 1.3, zilijenga madarasa 15,000 kwa miezi michache, na force akaunti ndiyo iliyowezesha kasi ile.

Faida yake ni ya kweli. Hela inabaki kijijini, fundi anajulikana kwao, na nguvu za wananchi, mchanga na maji, zinaingia kwenye hesabu. Shida yake ni kwamba tumemgeuza mwalimu mkuu kuwa mkandarasi, afisa ugavi na mtunza stoo, huku akiwa bado na darasa la saba la kufundisha. Kuna kamati tatu, ya ununuzi, ya mapokezi na ya ujenzi, na pale shuleni watu wenye nafasi ni wale wale. Mwalimu mmoja aliniambia hajui tofauti ya nondo ya milimita 10 na 12 mpaka aliposhika zote mbili kwa mpigo. Ni kosa lake? Alisomea Kiswahili na historia.

Mimi naunga mkono force akaunti kwa darasa na choo. Kwa jengo la ghorofa, hapana. Na popote inapotumika, mhandisi wa halmashauri afike siku ya msingi na siku ya lenta, asiishie kutuma picha kwenye kundi la WhatsApp.

Kikundi chetu cha vijana kinastahili ile asilimia 30?

Taasisi nunuzi zinatakiwa kutenga asilimia 30 ya bajeti yake ya ununuzi ya mwaka kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Msiichanganye na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, hiyo ni mikopo. Kikundi kisajiliwe, kitambulike, kiingie NeST kama kundi maalumu.

Onyo langu ni moja. Kama mtu mwenye gari zuri anakuja kuwaambia "nyie leteni usajili, mtaji na mzigo ni wangu, nitawaachia kitu kidogo", mnakodisha jina. Siku mzigo ukiwa mbovu, atakayefungiwa asishiriki zabuni ni ninyi, yeye atakuwa ameshahamia kikundi kingine. Anzeni na tenda ndogo mnayoiweza: usafi, chakula cha semina, viti vya plastiki.

Kampuni za nje zinatubana. Sheria mpya inasemaje?

Kazi za ujenzi zisizozidi Sh bilioni 50 zimetengwa kwa wakandarasi wa ndani; zamani kikomo kilikuwa bilioni 10. Ni hatua kubwa. Kinachofuata ni mtaji na mitambo, na hapo tunarudi kwenye malipo yanayochelewa: mkandarasi wa nje ana benki ya kwao nyuma yake, wa kwetu ana hati ya nyumba.

Nimeshindwa kwa njia nisiyoielewa. Nifanye nini?

Kwanza soma notisi ya kusudio la kutoa tuzo, inaeleza nani ameshinda na wewe umeangukia wapi. Siku za kulalamika ni chache na zinahesabiwa kwa siku za kazi, kwa hiyo usianze kwa kumpigia mheshimiwa diwani. Lalamiko linaanzia kwa Afisa Masuuli, yaani mtendaji mkuu wa taasisi, kwa maandishi. Usiporidhika unakwenda PPAA. Ukishindwa huko, Mahakama Kuu inaweza kuombwa kuangalia kama utaratibu ulifuatwa.

Andika hoja na ushahidi wake. "Mshindi hana leseni ya daraja linalotakiwa" ni hoja. "Kila mtu anajua ni shemeji yake" si hoja, hata kama ni kweli.

Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali (CAG) anaibua madudu kila mwaka, halafu?

Ripoti inakabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi, inaingia bungeni Aprili, magazeti yanajaa wiki mbili. CAG hamkamati mtu. Hilo ni la TAKUKURU na mashtaka. Lakini msiidharau. Nilipokuwa kazini, hoja ya ukaguzi yenye jina la halmashauri yetu iliwatia watu tumbo joto kuliko semina yoyote.

Nchi nyingine zimefanyaje?

Ukraine ilijenga ProZorro, ikailazimisha kwa taasisi zote mwaka 2016, na mwananchi yeyote anaweza kuona zabuni, walioshindana, bei zao, mpaka mkataba. Kenya, Juni 2018, Rais aliagiza taasisi zitangaze kila mwezi nani amepewa tenda gani. Hapa kwetu NeST inaonyesha zabuni na walioshinda. Ningependa ionyeshe na ukurasa wa mapokezi: mzigo uliofika, tarehe, waliopokea, na picha ya kila kipimo. Mzazi aliyepo kijijini akikuta mabati yanasema 28 kwenye simu na paa linapiga kelele kama kopo, atajua pa kuanzia.

Nina mzigo wangu wa kwanza wiki ijayo. Unanishauri nini?

Soma mkataba au LPO (hati ya kuagiza mzigo) mstari kwa mstari na uuweke mzigo mbele yako ulinganishe, usilinganishe kwa kichwa. Fika asubuhi. Wafungulie wapokeaji wahesabu mpaka wachoke, na wakitaka kusaini kabla hawajahesabu, wakatalie wewe. Chukua nakala ya hati ya mapokezi yenye majina yanayosomeka, maana saini ya mkunjo haina mwenyewe miezi sita baadaye. Toa risiti ya mashine ya kodi (EFD) kwa wakati unaotakiwa, peleka ankara siku hiyo hiyo na ugongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Halafu nunua daftari, uandike tarehe ya kila ulipokwenda kufuatilia malipo na uliyemkuta. Utalihitaji.